Nani Alifungua Mulango wa Nyuma

Nyarugusu, tarehe 4 Februari 2024

Shemeji Bertin,

Salamu zangu na za mutoto yako Arlette zikufikie, we na muke yako Mama Florentine na batoto bote. Sisi tuko bazima. Mvua inanyesha bila huruma, hapa kambi nyumba ya jirani ilianguka upande, lakini yetu imesimama. Arlette alipita darasa, akawa wa pili. Wa kwanza ni mutoto ya Mama Immaculée wa Lubondja, mwenye tunapika naye ku jiko moja, kwa hiyo furaha ilibaki mu kiwanja. Anarefuka tu. Ukimuona kwa mugongo utasema ni baba yake Élie amevaa kikwembe.

Sasa nifike kwa jambo.

Nilitoka mu groupe ya klabu yetu ya basikilizaji ba radio. Najua uliona, simu inaonyesha mutu akitoka. Na simu yenyewe nimeizima, kwa hiyo usinitafute kule. Hii barua Bonaventure wa boti atakupatia mukononi, na jibu umupe yeye.

Siku ile studio ya Bukavu ilitangaza kama *Mutumbwi wa Nyota* itatoka mu bitabu, mi nilipiga vigelegele mupaka Immaculée akakimbia kuona kama kuna harusi. Bitabu bitatu! Miaka yote ile tulisikiliza mu radio ku Lweba, Élie amelaza radio juu ya tumbo yake, na bakatukatia mahali pabaya kuliko pote. Mutumbwi uko mbali na dunia, batu ba ziwa na batu ba mulima bako ndani pamoja, maji ya mwisho yamefungwa mu matangi, Banyonyaji banakuja kuyaiba, na mutu mumoja wa ndani anabafungulia mulango wa nyuma. Tukasikia mulango ukilia. Basi, mwisho. Hatukuambiwa ni nani. Batu ba Baraka balibishana juu ya ule mulango kuliko juu ya uchaguzi, na we ulikuwa unabisha kuliko bote.

Kisha picha ya kitabu cha kwanza ikatoka. Rubani Nyiramana, mwenye bote tunajua ni wa mulima kama mi, mukono yake iko juu ya komeo.

Na Wilfried, secrétaire wako, akatuma sauti mu groupe. Nilisikiliza mara moja tu lakini nimeishika: "Mi nilibaambia tangu zamani. Hata mu nyota, batu ba mulima banabaki bale bale." Batu bakacheka. Benye nilibapikia ku matanga ya Élie, benye balikula ugali ya mukono yangu, bakatuma vile visura bya kulia na kucheka.

Nilikungojea, Shemeji. We ndiye président. We ndiye mukubwa ya bwana yangu. Niliona simu inasema unaandika, ukaacha, ukaandika tena. Kisha ikatoka: "Mukutano ni Jumamosi saa nane. Kila mutu alete kiti yake."

Viti.

Nina swali moja. Julai Élie anatimiza miaka mitatu mu udongo na kaburi yake haina sima, saruji hata ya mufuko mumoja. Nataka kuja tuijenge, nikae siku chache ku Lweba, nirudi. Immaculée atabaki na Arlette. Niambie wazi: nikuje, ao nisikuje?

Shemeji yako,
Solange Mukabera

*

Baraka, tarehe 19 Machi 2024

Mama Arlette,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa mutoto. Barua yako ilifika na ndagala ya Bonaventure, ikanuka samaki mupaka Florentine akaianika. Nilichelewa kujibu juu ziwa limepanda. Mtaa wa chini maji yaliingia mupaka mu bitanda, kwetu yamefika ku jikoni. Tunapikia mbele ya nyumba kama batu ba safari. Mutoto mudogo alikuwa na malaria, sasa anakula. Masomo yalisimama kidogo, tumeanza tena. Umupongeze Arlette. Umuambie wa pili si haya, lakini wa kwanza ni bora.

Juu ya groupe: umefanya haraka. Wilfried anasemaka bitu bingi, kila mutu anamujua. Ni fundi wa umeme, kinywa yake haina fuse. Alikuwa anachokoza tu. Ningemujibu pale, ingekuwa moto. Nilifikiri ni bora maneno yafe yenyewe.

Na kitabu chenyewe hakijatoka. Picha ya mbele si kitabu. Studio banataka batu banunue, njo bameweka mukono juu ya komeo. Pengine Nyiramana alikuwa anafunga ule mulango, we unajuaje? Mi mwenyewe nabakia ku mawazo yangu ya zamani: ni Kapiteni Lwaboshi alifungua, alikuwa amechoka kuongoza. Nimesema hivyo mbele ya klabu yote na bamenizomea.

Tunapanga kusoma kitabu kwa sauti mu salle ya paroisse, ile nyumba kubwa ya mikutano ya kanisa, juu bengi hawatapata chao. Bameniomba mimi nisome. Mama Anastasie, muzee wetu wa klabu, anasema hatakufa mbele ya kujua nani alifungua.

Shikamana na imani. Arlette asome.

Mukubwa yako,
Bertin Mutambo

*

Nyarugusu, tarehe 7 Aprili 2024

Shemeji Bertin,

Tumefurahi mutoto amepona. Poleni na maji. Hapa tuko, hatulalamiki.

Nilisoma barua yako mbele na nyuma nikitafuta jibu ya swali yangu. Uliniandikia juu ya malaria, juu ya jikoni, juu ya fuse ya Wilfried. Juu ya Julai hukuandika hata neno moja. Nilidhani pengine ukurasa ulipotea. Nilimuuliza Bonaventure. Akasema ulikuwa mumoja tu.

Basi tuongee juu ya kitabu, kwa sababu kule njo unapenda kujificha.

Unaniambia pengine Nyiramana alikuwa anafunga. Mi nakuambia hakuwa hata na ufunguo. Ule mulango ulikuwa na funguo mbili, moja ya Kapiteni na moja ya Mama Sifa fundi, na ilisemwa mu radio waziwazi, ile sehemu ya batoto kupotea mu stoo. Élie alisimamisha kula juu ya ile. Alisema, "Kumbuka hii, itatusaidia mbele." Sasa mwandishi wa bitabu hakusikiliza hata sehemu zenye anaandikia? Ao alisikiliza akaamua kwamba kwa mutu wa mulima ufunguo hauhitajiki?

Nani aliongoza Mutumbwi siku mashini zilizima? Kapiteni wako alijifungia mu chumba yake akilia. Nyiramana alikaa mbele na kusoma nyota vile alizoea kuzisoma akilala inje na ng'ombe, akabafikisha bote, ba ziwa na ba mulima. Nani alimupa mutoto ya Mama Sifa maji yake ya mwisho? Hawakusema kabila yake mu radio hata siku moja, na hakuna mwenye hakujua. Ndiyo maana tulimupenda. Ba Baraka balimupenda kuliko mi. Batoto ya shule yako bakipita mbele ya nyumba yangu ku Lweba balikuwa bananiita "Mama Nyiramana, tupeleke!" na mi nilikuwa nacheka.

Nikuambie vile ile jina iko sasa. Juma lililopita Arlette alikuwa ku foleni ya maji. Mutoto mumoja, mwenye simu ya kaka yake inapokea groupe yenu, akamuambia, "Nyiramana, usisimame karibu na bomba, utaifungulia maadui." Akatema mate. Arlette alimupiga na ndoo. Nilipeleka pole kwa mama yake, nikarudi nyumbani, na sikumugombeza Arlette. Immaculée ndiye alitoka kumugombeza yule mwingine, na ni Mubembe kama we, si wa mulima, na hakuogopa moto.

Maneno hayakufa yenyewe, Shemeji. Yalivuka ziwa.

Nauliza mara ya pili. Julai, nikuje?

Solange

*

Baraka, tarehe 2 Juni 2024

Mama Arlette,

Nawasalimu. Maji yameanza kurudi nyuma, yameacha matope na nyoka. Florentine iko muzuri, anasema umukumbuke mu maombi. Niliumia juu ya Arlette. Niliumia kweli, usidhani hapana.

Lakini barua yako ilinikasirisha na sitaficha. Unaniandikia kama mi ni mutoto wa Wilfried. Umesahau nani alikaa na Élie hospitali? Umesahau, wakati batu balianza kupita mbele ya nyumba yako wakiuliza unangoja nini kuondoka, ni nani alikushika mukono mupaka ku port mchana, mbele ya bote, akakuweka mu boti na mutoto? Hakuna mwingine mu familia alitembea na we ile siku. Mi sikuongea, nilitembea. Kuna batu banaongea sana na hawatembei.

Unafikiri kukaa hapa ni rahisi? Mi ni mwalimu, si gavana. Kila asubuhi napita mbele ya batu benye banajua muke ya mudogo yangu anatoka wapi. Balipoteza nyumba kule juu ku mulima wakati wa vita, bamoja balipoteza batoto. Na kule juu pia bazazi banalia batoto yao, najua, sihitaji kufundishwa. Ukisema neno moja hapa, bote banageuka kukuangalia. Kwa hiyo nachagua maneno yangu.

Na usidhani ni we peke yako una hasira na studio. Balisoma kipande cha kitabu mu radio. Bamemuua Mama Sifa mu sura ya kwanza! Mama Sifa! Hata hawakumupa maneno ya mwisho, bamesema tu "fundi aliteleza". Klabu yote ilisimama. Wilfried mwenyewe alilia machozi. Tumebaandikia barua ya ukali, nimeitia sahihi. Nilibauliza pia juu ya funguo mbili, kama ulivyosema. Hawajajibu.

Habari ingine: shamba lenu la Lweba lilikuwa linamea majani, kwa hiyo Florentine alipanda maharagi msimu huu. Udongo usipolimwa batu bengine banaingia. Nimekujulisha ili usisikie kwa bengine.

Mukae na Mungu.

Bertin

*

Nyarugusu, tarehe 12 Juni 2024

Bertin,

Kumbe ni shamba.

Miezi minne nauliza neno moja na hunipi. Nilikuwa nasema ni woga, nikakuhurumia. Leo nimeelewa. Mutu asiyerudi, shamba yake haina mwenyewe. Uliniweka mu boti mchana mbele ya bote, ni kweli, na nilikushukuru karibu miaka mitatu. Sasa najiuliza ulikuwa unanisindikiza ao unanitoa.

Nakuja. Nitapanda boti ya Bonaventure mwanzo wa Julai. Ukitaka, ungoje ku port. Usipotaka, njia ya Lweba naijua.

Solange Mukabera, muke ya Élie Mutambo

*

Baraka, tarehe 25 Juni 2024

Mama Arlette,

Barua hii inatembea mbio, sitaweka salamu ndefu. Tuko bazima.

Usikuje.

Nimeliandika. Ni neno moja, na tangu Februari mukono yangu ilikataa kuliandika. Sasa nikueleze, kisha unihukumu vile unataka.

Kitabu kilifika. Juzi Jumapili, kisha ya ibada ya pili, tulisoma mu salle. Sijaona batu bengi vile tangu askofu alipopita. Bamoja balitoka Lulimba, bengine balisimama ku madirisha. Nilikaa mbele, nikaanza kusoma, na nikuambie ukweli, mwanzo ulikuwa mutamu. Kisha Mama Sifa akateleza, batu bakaguna. Tukafika ku sura ya mulango.

Ni yeye. Bameandika ni Nyiramana. Banyonyaji balimuahidi nyota moja yenye majani mabichi kwa ng'ombe zake, akabafungulia. Na ufunguo: kitabu kinasema tu "alikuwa nao". Hakisemi aliutoa wapi. Nilirudia ile sentensi mara mbili nikidhani nimeruka kitu.

Na salle ikapiga makofi.

Solange, mi nilijua kama Wilfried atapiga. Nilijua bale vijana ba nyuma batapiga. Lakini niliinua macho nikaona Mama Anastasie, mwenye alilia mu klabu yetu ile siku Nyiramana alitoa maji yake ya mwisho, mwenye alikaa bila kula mupaka kesho yake. Alikuwa anapiga makofi na kutikisa kichwa, kama mutu mwenye amepona ugonjwa. Pale njo kitu kilinikata.

Nikafunga kitabu. Nikasema, "Huyu mwanamuke namujua mu radio miaka yote. Hakufanya hii. Mi sisomi tena."

Wilfried akajibu kwa upole, kama anamuambia mutoto, "Mwalimu, ni kitabu tu. Kitabu hakina kabila."

"Basi juu ya nini munapiga makofi?"

Wilfried akachukua kitabu ku meza, akatafuta mahali niliachia, akaendelea. Ana sauti muzuri, ile siwezi kumunyima. Mi nikatoka. Hakuna mwenye alinifuata, isipokuwa Florentine, na yeye alinigombeza njia yote. Alisema nimewauza batoto yetu kwa sababu ya mutu wa radio.

Jana asubuhi tulikuta bameandika ku mulango yetu na makaa: NYUMBA YA NYIRAMANA. Florentine alisugua na majivu, akilia, hakutaka nimusaidie. Directeur wa shule aliniita, akaniomba nipumzike siku kidogo mupaka batu basahau. Klabu imemuchagua Wilfried.

Sasa unaelewa. Toka port mupaka Lweba siwezi kukulinda hata kwa hatua ya kwanza. Ningekuandikia usikuje, ningekuwa nakubali kama mimi, mukubwa ya familia, siwezi kumutembeza muke ya mudogo yangu mupaka mahali alizikiwa bwana yake. Ile haya ilinishinda. Kwa hiyo niliandika juu ya malaria.

Juu ya shamba: hukukosea kabisa. Florentine alisema, "Hatarudi, tulime," na mi sikusema hapana. Sikufikiri kukuibia. Nilifikiri tu kama haurudi, na kufikiri vile kulikuwa rahisi kuliko kukujibu.

Nimemuambia Bonaventure asikubebe. Ukimukasirikia, unikasirikie mimi.

Bertin

*

Nyarugusu, tarehe 17 Julai 2024

Shemeji,

Nawasalimu. Umuambie Florentine pole juu ya mulango. Najua kusugua makaa, hayatoki ku mbao, yanabaki kivuli.

Nilifika mupaka Kigoma. Barua yako ilinikuta pale ku boti, na Bonaventure alisimama mbele yangu ameshika kofia yake, anasema, "Mama, nibebe mizigo yote ya dunia, lakini we sikubebi." Nililala chini ku ghala ya mizigo siku mbili nikingoja abadilike. Nilimutukana matusi yenye Élie hakuyajua. Hakubadilika. Nikarudi kambi na sabuni yenye nilinunua ya kunawia kisha ya kujenga kaburi.

Ungetaka nikuambie kama sasa hasira imeisha, kwa sababu ulifunga kitabu. Haijaisha. Ulifunga kitabu mu Juni, batu bote bamekwisha kufurahi. Mu Februari, wakati ilikuwa sauti moja tu ya Wilfried na vicheko kidogo, neno lako lingetosha. Ungesema, "Wilfried, futa hii." Angefuta. Alikuwa anakuogopa wakati ule. Ulingoja mupaka likawa salle nzima, ukasimama peke yako, na sasa unaumia, na mi niko huku naumia, na bote banasema Bertin ni shujaa. Immaculée anasema wewe ni shujaa. Mi nasema umechelewa.

Lakini ulisimama. Ile nimeiandika pia, usiseme sikuiandika.

Unitumie kitabu. Ndiyo, kile kile. Tutakisoma hapa, mi na Immaculée na bote benye banataka. Sitaki Arlette akisikie ku foleni ya maji kipande kipande kutoka kinywa cha batu. Akisome mwenyewe, aone ule ufunguo wenye umetoka hewani, ajue kama mutu mwenye anaandika uongo anaachaka mahali hapajashonwa. Halafu atalia ao atacheka, ni juu yake.

Na kuna bitu bibili nataka, na hii mara siulizi.

Ya kwanza. Ile shamba iko ya Élie na ya binti yake. Useme ile mbele ya bajomba na bazee ba Lweba, kwa sauti, si mu barua. Florentine aendelee kulima, sina kinyongo na mutu anayelima. Lakini bote bajue analimia nani.

Ya pili. Ujenge kaburi bila mimi. Na sima ikiwa mbichi, uandike jina la Élie, na chini yake uandike: muke yake Solange Mukabera. Lote. Usikate, usiandike "S.M.", usiandike "muke na mutoto". Kila mutu anayepita akienda kuvua ajue mukono wa nani ulimufunga Élie sanda.

Arlette anakusalimu. Anauliza kama maneno ulisema mu salle ni ya kweli ao Bonaventure aliyaongeza. Nimemuambia ni ya kweli.

Solange

*

Baraka, tarehe 4 Agosti 2024

Mama Arlette,

Salamu kutoka nyumba yote. Nimerudishwa ku shule kwa mwaka mupya, lakini si darasa langu, bamenipa ba mwaka wa kwanza, benye hawajajua kusoma. Ni muzuri, banapenda kuimba. Maharagi yako yamevunwa, yanakuja na Bonaventure pamoja na kitabu. Kitabu nilikiomba kwa Wilfried. Nilifikiri atakataa. Alinipa bila kuniangalia, akasema kuna kurasa zimetoka mu gundi.

Jana tulienda Lweba. Niliita bazee mbele ya kaburi, nikasema juu ya shamba vile uliniamuru. Nilisema mara mbili kwa sababu mumoja alijifanya hasikii. Mujomba Casimir akachukua fimbo yake na kuondoka. Bengine babili balimufuata. Bale benye balibaki hawakusema ndiyo, hawakusema hapana, lakini balibaki.

Maçon, fundi wa kujenga, alimwaga sima, akalainisha, akaandika jina la mudogo yangu na musumari mukubwa. Nikamupa karatasi yenye jina yako. Alisoma, akaniangalia. Ni mutu wa hapa, nyumba yake iliungua kule juu.

Akaniuliza, "Mwalimu, niandike lote?"

Nikamuambia, "Lote."

Alikaa muda mrefu amechutama, ameshika ule musumari. Nilidhani atasimama na kukusanya bitu byake. Kisha akaandika, pole pole, herufi kubwa, na ku Mukabera alikosea, akaweka E ku mahali pa A. Nikamuambia arekebishe. Alifuta na kidole, akaandika tena. Palibaki shimo kidogo pale, utaiona siku utafika.

Vijana bamoja balisimama mbali, karibu na mitumbwi, wakituangalia. Florentine alinivuta shati tuondoke. Sikuondoka. Alinigombeza, kisha akaleta jiwe akakaa juu yake, na yeye naye hakuondoka. Jua lilikuwa kali, na hiyo ilisaidia. Tulikaa pale mupaka sima ikakauka, nikaweka kiganja changu juu ya jina yako na hakikuacha alama.

Sijui litakaa muda gani. Bakilifuta, nitarudi na musumari.

Bertin Mutambo